Aliyeleta Ndiye Anayeonja

Mjini Kasulu hakuna mtu aliyejua lugha nyingi kama Pasikali, na habari hiyo ilikuwa imeenezwa na Pasikali mwenyewe. Aliwahi kuendesha gari la shirika moja la Wajerumani kule kambi ya wakimbizi ya Nduta kwa miaka miwili na miezi minne, na katika muda huo aliokota maneno kumi na manne ya Kijerumani, mengi yakihusu matairi na mwendo wa gari. Kwa mtaji huo ameishi mjini kwa heshima miaka sita sasa. Mtu akipiga chafya mbele yake, anamwombea afya kwa Kijerumani. Mtoto akikimbia uani, anamwambia langsam, yaani polepole, na mtoto akiduwaa yeye anacheka kama mtu aliyekula chumvi nyingi katika nchi za mbali.

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa Kezia. Baba yake Kezia alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na Pasikali, mdogo wa marehemu, ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka kijito cha njia ya shule kila masika, mpaka miguu yake ikawa mirefu ya kutosha kuvuka mwenyewe. Mambo kama hayo hayasahauliki. Hata sasa, akiwa na miaka ishirini na sita na cherehani yake pembeni ya soko, Kezia aliwakasirikia watu waliomcheka Baba Mdogo. "Ninyi mnajua lugha ngapi za Ulaya?" alikuwa akiwauliza, na kweli hawakujua hata moja.

Kwa hiyo wakwe walipotoa taarifa kwamba wangeleta mahari Jumamosi, Kezia mwenyewe ndiye aliyeomba Baba Mdogo awe msemaji wa nyumba. Ukoo ulikuwa na watu wengine wenye midomo, lakini yeye alimtaka aliyembeba mgongoni.

Mchumba aliitwa Nkunzimana, fundi pikipiki wa Kibondo. Alikuja siku moja kushonewa ovaroli, akarudi kuipunguza kiunoni, akarudi tena kuiongeza kiunoni, na safari ya nne Kezia alimwambia aache kuitesa ovaroli ya watu na aseme alichotaka. Miaka miwili walingojeana. Wiki ile ya mahari Kezia hakushona kitu kikanyooka. Alikuwa anamtaka yule mtu, na hakuona haya kulikiri, na alijua kwamba jambo lenyewe lilikuwa jembamba kama uzi. Ukoo wa Nkunzimana ulikuwa wa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi zamani, wakapewa ardhi, wakapewa na uraia. Karatasi za serikali zilikwisha kusema ni Watanzania. Vinywa vya baadhi ya majirani vilikuwa bado havijapata nakala.

Jumamosi ikafika. Wageni walishuka kwenye Noah ya kukodi, vumbi la barabara ya Kibondo likiwa limewapaka nyusi, wakaketishwa kwenye mkeka na viti vya plastiki chini ya turubai. Kezia, kama desturi inavyotaka, alifungiwa chumbani mpaka atakapoitwa na kuulizwa kama anawajua watu hawa. Alikuwa na shoga yake Faudhia, ambaye baba yake ana duka la vyombo na mapambo mjini, na dirisha lenye pazia ambalo wao wawili walilishikilia kwa vidole viwili viwili ili waone kila kitu.

Mambo yalianza vizuri. Reverien, baba wa Nkunzimana, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, alileta dumu la pombe ya ndizi lililofungwa jani la mgomba mdomoni. Sasa, huku kwetu pombe haifiki tu ikanywewa. Aliyeleta ndiye anayesogongera: anaonja wa kwanza mbele ya macho ya wote, ili kila mtu ajue kwamba ndani hamna kitu kibaya. Hakuna anayeona ametukanwa kwa hilo. Reverien akamimina, akanywa, akafuta masharubu, akampa Pasikali. Pasikali akanywa. Mzee Bazilio, mkubwa wa ukoo, ambaye alikuja hasa kwa ajili ya dumu, akanywa mara mbili.

Ng'ombe walikuwa wamekwisha kukubaliwa tangu safari iliyopita. Kilichobaki ni kumpa mama wa binti zawadi yake, kisha binti aitwe, aulizwe, ajibu, watu wale. Kuku walikuwa wameiva. Mama Kezia alikuwa jikoni akipakua wali.

Hapo ndipo Reverien alipotoa mfuko.

Ulikuwa mfuko wa karatasi ya kung'aa, wa waridi, wenye utepe wa dhahabu, na kwenye tumbo lake palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: GIFT.

"Umetoka dukani kwetu huo!" Faudhia alinong'ona kwa fahari. "Nilimfungia utepe mimi mwenyewe. Mzee alikaa nusu saa akichagua rangi."

Pasikali aliupokea kwa mikono miwili. Angeupitisha kwa shemeji yake jikoni, mambo yangekuwa yamekwisha. Lakini aliusoma. Macho yake yakatua juu ya lile neno, uso ukamchanua, na Kezia aliyemjua tangu utotoni akaona kabisa kwamba Baba Mdogo amekutana na moja ya yale maneno kumi na manne.

"Ndugu zangu," Pasikali alisema akisimama, "hapa pana jambo. Mwingereza akiliona neno hili, anasema zawadi. Sawa. Lakini mimi nimekaa na Wajerumani. Mjerumani akiliona neno hili, anakimbia."

"Anakimbia nini?" aliuliza Mzee Bazilio.

"Sumu. Hili kwa Kijerumani ni sumu. Nililiona stoo kwetu, limeandikwa kwenye kopo la dawa ya panya, na fuvu la kichwa chini yake. Herufi hizi hizi."

Watu walicheka. Reverien naye alicheka. Kule dirishani Kezia alicheka mpaka akajiziba mdomo, akamwambia Faudhia, "Umemsikia Baba Mdogo lakini?" Alijisikia fahari. Ni nani mwingine katika Kasulu nzima angeyajua hayo?

Reverien, mtu wa adabu, akataka kuuendeleza utani. "Duniani kuna mambo," alisema. "Mimi nikiwa mdogo nilimtumikia padre Mholanzi. Yeye neno hili alilitumia kwa sadaka. Gunia la mahindi likiletwa kanisani, anasema ni gift. Basi Mholanzi na Mwingereza wamekubaliana, bwana msemaji. Mjerumani amebaki peke yake."

Watu wakacheka tena, safari hii zaidi. Na hapo ndipo ubaya ulipoingia, maana Pasikali hakuwa amezoea kuchekwa na upande wa pili wa mkeka, tena na mtu aliyejua Kiholanzi.

"Uholanzi ni nchi ndogo," alisema kwa ukavu. "Mmeshaona lori la Kiholanzi hapa? Mjerumani anatengeneza malori. Neno lake lina uzito."

Nkunzimana alikuwa kijana wa kutaka mambo yaishe kwa heri. Akakumbuka kwamba binamu yake Aline alihamia Norwei pamoja na familia yake, na siku ile alikuwa ameahidi kuitazama mahari kwenye simu. Akampigia. Uso wa Aline ukatokea umefunikwa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akaanza kusalimia mmoja mmoja, "Amahoro, amahoro!" mpaka akaombwa asimame hapo na kujibu swali. Huko Norwei, neno gift maana yake nini?

"Gift?" Aline aliangua kicheko. "Huku gift ni mtu aliyeoa au aliyeolewa! Mimi mwenyewe ni gift, mume wangu ni gift!"

Upande wa wageni ulipiga makofi. Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Si hilo sasa? Si ndiyo shughuli yenyewe ya leo?

Mzee Bazilio alikuna kidevu. Pombe ilikuwa imeanza kumsaidia kufikiri. "Ngoja kwanza," alisema. "Mfuko umetoka kwa kijana. Umeandikwa ameoa. Kwa hiyo huyu kijana ameshaoa?"

Kelele zikazuka pande zote. Nkunzimana akaapa kwa Mungu na kwa mama yake. Aline, akiona ameharibu, akapaza sauti kutoka Norwei ili arekebishe. "Hapana, wazee wangu, msigombane! Hilo neno lina maana nyingi. Hata sumu tunaiita hivyo hivyo!"

Mtandao wa Kasulu hukatika kila mtu anapotaka kusema jambo la maana. Siku ile ulingoja amalize, kisha ukakatika.

"Mmesikia?" Pasikali alisema. Alitandaza mikono. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulimkaa vibaya. "Sikusema mimi. Amesema ndugu yao mwenyewe, kwa kinywa chake. Sasa wazee, mimi simshuku mtu. Mimi ni msemaji tu. Lakini hawa wenzetu wa kule, mambo ya sumu tumeyasikia tangu tukiwa wadogo."

Kezia aliacha kucheka. Alimtazama Faudhia kuona kama amesikia sawasawa, na Faudhia alikuwa ameliachia pazia.

"Wa kule wapi, ndugu yangu?" Reverien aliuliza taratibu. "Mimi nimezaliwa hapo Kabanga. Ukitoka hapa na baiskeli, unafika jasho halijakutoka."

"Na wazazi wako?"

"Wazazi wangu walivuka wakikimbia kuuawa. Hawakubeba sumu. Walinibeba mimi, tumboni mwa mama."

Mtu mwenye akili angeshuka hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini Pasikali alikuwa na watu wanaomtazama, na yeye akishatazamwa hawezi kuteremka mpaka aanguke. "Basi si tabu," alisema. "Mila ipo. Aliyeleta ndiye anayeonja. Pombe umeonja, ahsante. Na hivi vilivyomo mfukoni, uvionje. Tukishaona, tunakula kwa amani."

Sasa tangu dunia iumbwe hakuna mkwe aliyewahi kuonjeshwa sukari. Mila ni ya pombe, kila mtu pale alilijua hilo, na Mzee Bazilio alilijua kuliko wote kwa kuwa aliishi kwa ajili yake. Lakini Mzee Bazilio alitikisa kichwa kukubali. Wengine walikubali kwa sababu yeye amekubali, na wengine kwa sababu walitaka kuona. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa nyumba ile aliyesema hapana. Hilo naliweka wazi, maana kesho yake wote walidai kwamba walisema.

 Reverien akafungua utepe wa Faudhia, polepole, asiuchane. Akatoa sukari, akatoboa mfuko, akaweka chembe ulimini. Pasikali akaitikia kwa kichwa kama daktari. Akatoa majani ya chai, akatafuna makavu hivyo hivyo, akameza. Akatoa mafuta ya kupikia, akanywa kifuniko kimoja. Hapo watu wawili watatu wakaanza kucheka chinichini. Akatoa chupa ya asali ya Kibondo, aliyoirina yeye mwenyewe, akalamba kidole. Akatoa kitenge, na mtu mmoja nyuma akauliza kama nacho kitaonjwa, na turubai zima likaangua kicheko.

Nkunzimana alisimama. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Baba, twende."

"Kaa," alisema Reverien.

"Baba, tuchukue vitu vyetu, twende."

Kezia alisikia maneno yale kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukifungwa kwa nje. Mahari ikiondoka na wenyewe, hairudi. Mambo mengine huombewa radhi kwa mbuzi, lakini sumu ikishatajwa kati ya koo mbili, hakuna mbuzi wa kuifuta. Alikimbilia mlango wa jikoni. Mama yake alikuwa amesimama na mwiko mkononi, machozi yakimtoka.

"Mama, mwambie aache!"

"Nyamaza, mwanangu. Ataacha tu. Unamjua baba yako mdogo, ataacha."

Nje, Reverien alikuwa amefika chini ya mfuko. Akatoa kitu cha mwisho, mche wa sabuni ya kufulia, wa bluu, akauweka juu ya mkeka. Akainua macho. Alidhani yamekwisha, maskini.

"Na sabuni?" alisema Pasikali.

Safari hii si wote waliocheka. Mzee Bazilio alitazama ndani ya kikombe chake. Reverien aliutazama ule mche, na mkono wake, mkono wa mzee aliyechagua rangi ya mfuko nusu saa, ukaanza kuinuka kuufuata.

"Usitoke!" Faudhia, aliyemfuata mpaka jikoni, alimdaka Kezia kiuno. "Hujaitwa! Kezia, watakusema!"

"Wana lugha nyingi," alisema Kezia. "Waniseme kwa zote."

Akatoka. Hakuwa amefunikwa kanga, hakuwa amesindikizwa na shangazi, miguu mitupu, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Watu walishtuka, maana binti wa mahari hatokei hivyo kama mtu anayekwenda kuanua nguo. Alipita mbele ya viti vya ukoo wake bila kuvitazama, akavuka hadi upande wa pili, akaketi mkekani kando ya Reverien, akauchukua ule mche kabla mkono wa mzee haujaufikia, akauma.

Aliuma kipande kikubwa. Akatafuna. Sabuni ya mche si kitu cha kutafuna, inawasha ulimi, inapanda puani, inaleta machozi hata kama huna la kulilia. Povu likamtoka pembeni mwa midomo. Akameza, na koo likakataa, akalilazimisha.

"Aliyeleta ndiye anayeonja," alisema. "Mimi niko na walioleta."

Wali ulisikika ukiungua jikoni. Reverien alichukua jagi la maji lililokuwa mbele yake, maji ya nyumba ile ile, akamimina kikombe. Akaonja yeye kwanza, kidogo tu, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vyema. Kisha akampa.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Pole pole."

Kezia akanywa. Mzee Bazilio, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuona haya, alimgusa Pasikali kwa fimbo. "Muulize," alinong'ona. "Muulize lile swali, tumalize, Mungu atusamehe."

Pasikali alimtazama mtoto wa kaka yake. Pengine aliiona sindano kwenye ukosi, pengine alikikumbuka kile kijito, sijui, na sitaki kumtetea. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, na haikuwa na Kijerumani ndani yake.

"Binti yetu," alisema. "Hawa watu waliokuja, unawajua?"

Kezia alifuta povu kwa kiganja. Alimtazama machoni yule aliyembeba mgongoni masika baada ya masika, akamtazama muda mrefu, kama anayempima nguo na kuona kwamba vipimo vyote alivyokuwa navyo ni vya mtu mwingine.

"Hawa nawajua," alisema. "Na ninyi nimewajua leo."